Nilivyosimamisha nguzo za seng'enge kwenye murramu wa Nakasongola

Ng'ombe asiye na uzio huku Nakasongola, Uganda, ni kesi inayotembea. Leo yuko kwenye mihogo ya jirani, kesho mko wote kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji. Kwa hiyo nilipostaafu jeshi na kununua ng'ombe wangu wachache, seng'enge ndiyo ilitangulia kabla hata ya nyumba.

Shida ilikuwa ardhi yenyewe. Huku kwetu udongo wa juu ni mwembamba, kiganja kimoja au viwili, halafu unakutana na murramu: vijiwe vyekundu vyenye chuma vilivyoshikana. Ukikauka, sururu inagonga na kurudi. Kijana niliyekuwa naye aliitazama ncha yake iliyopinda akaniambia, "Afande, tungoje mvua." Alisema kweli. Mvua zetu ni za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, na atakayechimba Januari atajichosha bure.

Hata hivyo mvua haikutosha kumaliza mstari mzima. Mashimo yaliyobaki tuliyalainisha kwa maji. Jioni unakwangua shimo dogo kama bakuli, unamwaga maji na kulifunika kwa nyasi. Asubuhi unakuta inchi kadhaa zimelegea. Unachimba hizo, unamwaga tena. Maji ni mali huku, kwa hiyo tulitumia yale ya kufulia.

Chombo cha kazi hii ni mtaimbo, si sururu. Sururu inataka nafasi, na shimo la nguzo halitakiwi kuwa pana. Unaanza katikati. Unauinua mtaimbo, unauacha ushuke kwa uzito wake, na kila unapouinua unauzungusha kidogo. Ukishapata kijitundu cha kuingia ngumi, unahamia pembeni na kukatia ndani, maana jiwe huvunjika kwa urahisi likiwa na mahali pa kuangukia. Vifusi unavitoa kwa kopo, usitumie vidole. Kisha sikiliza. Juu mtaimbo unalia "kang, kang", lakini sehemu nyingi ukivuka lile tabaka gumu sauti inakuwa nzito, "bu, bu". Umefika kwenye udongo wa mfinyanzi wenye madoa mekundu na meupe, na hapo kazi inakwenda upesi. Vijana wengi hukata tamaa wakiwa wamebakiza kidogo tu kuifikia sauti hiyo.

Jambo ninalotaka wenzangu walishike ni hili: kwenye ardhi ngumu, punguza mashimo. Majirani zangu huweka nguzo kila baada ya hatua mbili, na kwa kuwa wanachoka, zote zinaingia juujuu. Mimi niliacha hatua sita hadi saba, na katikati nikafunga vijiti kwenye nyaya. Vijiti hivyo havigusi ardhi, kazi yake ni kuzuia nyaya zisitanuliwe na pembe. Ng'ombe akisukuma, uzio unayumba na kurudi. Jasho nililoliokoa hapo nikalimalizia kwenye kona, maana waya uliokazwa huivuta nguzo ya kona usiku na mchana. Za katikati zilienda chini futi moja na nusu hadi mbili, za kona futi tatu, tena mikaratusi minene, kila moja na mti wa kuikingia kwa mshazari.

Usikate nguzo upande wa chini. Nakasongola ni nyumba ya mchwa, wanakula hata majani ya malisho, ndiyo sababu nilinunua nguzo zilizotiwa dawa. Lakini dawa hiyo haifiki sana kwenye moyo wa mti. Shimo likigoma kwenda chini, wengine huchukua msumeno na kufupisha kitako, yaani wanamfungulia mchwa mlango. Kata kichwa, kitako kiache kama kilivyo.

Saruji sikutumia. Nilirudisha murramu uleule uliovunjwavunjwa, ukiwa na unyevu kidogo, kiasi cha inchi nne kwa mara moja, nikishindilia kwa kitako cha mtaimbo kabla ya kuongeza mwingine. Ukikauka unashika kweli.

Palikuwa na sehemu moja ambayo ni mwamba mtupu. Jirani alinishauri niwashe moto juu yake kisha nimwage maji, kama wafanyavyo wapasua mawe. Nilikataa. Jiwe la moto linaweza kukurukia usoni, na nyasi za kiangazi zikishika hakuna wa kuzizima. Nilikumbuka nilivyoona Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako ardhi imejaa mawe ya volkano na kando ya hifadhi ya Mgahinga kuna ukuta wa mawe wa kuwazuia nyati wasiingie mashambani. Kumbe uzito wa mawe peke yake unatosha! Nikasimamisha nguzo juu ya mwamba, nikaizungushia miti minne mifupi, nikaifunga kwa waya kama kizimba, nikajaza mawe hadi kiunoni. Makubwa chini, madogo yakikaza mianya. Mengi yalitoka kwenye mashimo yetu wenyewe. Baada ya mvua za kwanza yalishuka kidogo, nikaongeza mengine na kukaza waya upya, na tangu hapo nguzo ile haijalala.