Siku moja maishani mwangu: kutotolesha mayai ya bata bukini

Jumamosi iliyopita niliamka saa kumi na moja alfajiri, kama ilivyo kawaida yangu katika msimu wa mayai, na kabla ya kuwasha jiko nilikwenda kusoma vipimajoto. Tunaishi Morogoro, na chumba kilichokuwa stoo yetu sasa kina mashine mbili ninazototoleshea mayai ya wateja kwa malipo: moja ya kukuzia mayai tangu siku ya kwanza, na nyingine ya kuangulia, ambamo nayahamishia yakikaribia siku ya 28. Wapo majirani wanaoamini kwamba umeme na mashine ndivyo vinavyofanya kazi yote, na kwamba mimi nangoja tu siku ya kupokea malipo. Nimeamua kuieleza siku hii nzima ili ifahamike malipo hayo ni ya nini.

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, lakini la bata bukini huweza kukaa siku 28 hadi 34, na mengi ya kwangu hutoka karibu na siku ya 30. Muda wote huo joto linapaswa kubaki karibu na nyuzi 37.5. Kwa kuwa yai moja huweza kuwa na uzito wa gramu 140 hadi 200, halikai katika trei zilizotengenezwa kwa mayai ya kuku. Nayalaza ubavu, na kuyageuza ni kazi ya mkono. Kila yai nimeliandika kwa penseli alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili nikipita nijue lipi limegeuzwa na lipi limerukwa. Lisipogeuzwa, kiinitete hunata kwenye utando wa ndani ya ganda na kufia hapo.

Saa mbili nilifunua mashine ya kwanza kwa muda wa robo saa na kuyanyunyizia maji ya uvuguvugu mayai yaliyokwisha kuvuka wiki ya kwanza. Wateja wakiniona nikifanya hivyo hushtuka, wakidhani nayaua kwa baridi. Bata bukini anayeatamia mwenyewe huondoka kiotani kwenda kula majani na kuoga, kisha hurudi na manyoya mabichi. Ninachokifanya ni kumwigiza. Saa tatu niliyamulika mayai ya siku ya kumi kwa tochi gizani. Lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka kwenye doa jeusi, na lisilo na mbegu hupitisha mwanga mtupu. Niliyatoa mawili matupu na moja viza, kwa kuwa viza huweza kupasuka humo ndani na kuyaambukiza yote.

Saa nne na nusu alifika mzee mmoja mstaafu, ambaye mayai yake manane yalikuwa katika mashine ya kuangulia. Alipoyaleta yalikuwa kumi, ila mawili niliyakataa kwa sababu yalikuwa yameoshwa kwa sabuni, na kuosha huondoa ule utando mwembamba wa nje unaozuia vijidudu visipenye kwenye vinyweleo vya ganda. Hilo hakulisahau.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wametoka?”

Nilimweleza kwamba yai moja lilikuwa limetobolewa tangu jana jioni, na mengine manne yalikuwa yanagongwa kwa ndani. Uso wake ulibadilika. “Tangu jana jioni! Si atakufa kwa kukosa hewa? Fungua tumsaidie. Mayai ni yangu mimi.”

Hapo ndipo siku ilipoanza kuwa ndefu. Mtu wa rika la baba yangu siwezi kumpandishia sauti, na mashine siwezi kuifungua, kwa hiyo nilichobaki nacho ni maelezo, na maelezo yale niliyarudia mpaka koo likakauka. Nilimwambia kwamba bata bukini hukaa saa 24 hadi 48, pengine zaidi, kati ya kutoboa ganda na kutoka, na kwamba saa hizo si za bure. Ndani ya ganda utando bado una mishipa yenye damu, na kiini cha yai bado kinavutwa kuingia tumboni kupitia kitovu. Ukimbandua kabla ya wakati, anavuja damu mikononi mwako. Nilimwambia pia kwamba unyevu wa mashine ile ni zaidi ya asilimia 70, na kifuniko kikifunguliwa unashuka mara moja, utando unakauka na kumbana kifaranga kama bandeji, na si huyo mmoja tu bali na wenzake wote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kuna jirani yake aliyembandua kifaranga wa kuku akaishi.

Nilimpa kiti mbele ya kidirisha cha kioo ili aone mwenyewe. Kwenye upande butu wa yai palikuwa na ufa wenye umbo la nyota, na katikati yake tundu dogo ambamo ncha ya mdomo ilionekana ikiwa na kile kijino cheupe cha kuvunjia ganda. Mdomo ulisogea, ukatulia kwa muda mrefu, ukasogea tena. Kila ulipotulia, mzee aligeuka kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuzuia. Alikwenda kuswali adhuhuri, akarudi. Akampigia simu mwanawe mbele yangu kumweleza kwamba nimekataa. Wakati huo yalikuwepo mayai ya watu wengine ya kugeuza, maji ya kuongeza, na mteja mwingine mlangoni aliyetaka kujua kwa nini natoza kwa yai linaloingia badala ya kifaranga anayetoka. Natoza hivyo kwa sababu yai lisilo na mbegu lilikuja likiwa hivyo kutoka bandani, na nafasi na umeme limetumia kama jingine lolote.

Alasiri sikuiangalia saa. Najua tu kwamba mzee alikuwa ameondoka, bila kuaga vizuri, pale ganda lilipoanza kukatwa kwa mzunguko, na kwamba magharibi kifaranga yule alikuwa amelala juu ya kitambaa, amelowa, kitovu kimefunga vizuri. Kisha umeme ukakatika. Nilizifunika mashine zote mbili kwa mablanketi, nikiacha matundu ya hewa wazi, na katika ile ya kwanza nikaingiza chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo, nikizibadilisha kila zilipopoa. Ile ya kuangulia sikuifungua, kwa kuwa vifaranga waliokomaa huzalisha joto lao wenyewe na hustahimili zaidi. Miguu iliwaka moto na mgongo ulikataa kunyooka, lakini kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 35 hadi umeme uliporudi usiku.

Kabla ya kulala niliyageuza mayai mara ya mwisho. Watatu wa yule mzee walikuwa wametoka, wa nne alikuwa anakata ganda lake. Nilimwandikia ujumbe kwamba aje kesho alasiri wakiwa wamekauka manyoya, kwamba kiini walichokivuta kitawalisha hadi wakati huo, na kwamba aje na boksi lililotandikwa maranda au kitambaa kikavu, si gazeti, maana gazeti huteleza na miguu yao hupanuka na kulemaa.