Risasi za nyati, risasi za pofu: ninavyozichagua

Mimi ni mwindaji bingwa. Naongoza wageni wenye vibali, mara kwenye vitalu vya uwindaji vya Selous, mara Simanjiro, hapa Tanzania. Selous ni vichaka, na nyati mara nyingi anapigwa akiwa mita 40 hadi 70. Simanjiro ni mbuga wazi, na pofu, yule swala mkubwa, akishakushtukia hakungoji. Mita 200 ni jambo la kawaida.

Wageni wengi huanza na kaliba, yaani upana wa risasi. Kwa nyati hilo halina mjadala, hatuteremki chini ya .375 ya inchi. Ninachotaka kujua ni kichwa cha risasi kitamfikia mnyama kikiwa na kasi gani. Kichwa cha greni 300 (gramu 19 hivi) cha .375 H&H hutoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde, na kwa nyati aliye karibu kasi hiyo bado ipo karibu yote. Kichwa laini chenye ganda jembamba la shaba kikigonga mfupa wa bega hapo, huweza kupasuka kabla hakijafika moyoni. Mbali mambo hugeuka: kasi ikishuka chini ya mita 550 kwa sekunde hivi, vichwa vingi vilivyotengenezwa kuhimili mifupa havifunguki vizuri, yaani havitanuki. Hutoboa tundu dogo, na mnyama huondoka na jeraha. Hilo linaniuma kuliko kukosa kabisa.

Kilichonisaidia ni vichwa vya risasi vyenyewe. Mchunaji akikuta kimoja kimenasa chini ya ngozi ya ubavu wa pili, huniita. Nakiosha damu, nakipima kwenye mizani ya baruti, kisha naandika daftarini: mnyama gani, umbali, alivyosimama, kilikopita. Vile ambavyo ganda limeshikamanishwa na kiini cha ndani vilitoka vimefunguka kama uyoga, vikiwa na greni 260 hadi 280. Vya bei rahisi mara nyingi vilikuwa ganda tupu lililokunjamana.

Kwa hiyo kwa nyati, ya kwanza ni laini ya aina hiyo iliyoshikamanishwa. Ngumu isiyofunguka siianzishi ndani ya kundi, kwani hupita moja kwa moja na kumjeruhi aliye nyuma. Lakini zinazofuata zote ni ngumu: nyati aliyejeruhiwa hukimbia amekupa mgongo, na risasi sharti ipenye tumbo lililojaa nyasi ndipo ifike mapafuni. Tumbo lile humeza nguvu ya risasi ajabu.

Kwa pofu natumia kichwa chenye ncha kali kinachofunguka mapema, ila si chepesi. Dume huweza kupita kilo 700. Risasi ya .375, bunduki ikiwa imerekebishwa igonge sawasawa mita 100, hushuka kama sentimita 15 kwenye mita 200, na zaidi ya nusu mita kwenye 300. Kila aina ya kichwa naipiga kwanza kwenye karatasi kambini, maana hazigongi mahali pamoja. Mpaka wangu ni mita 250. Pofu akiwa mbali zaidi, tunatambaa.