Zamu ya alfajiri na bisibisi ya Mzee

Saa 9:30 usiku. Simu ya kabini inalia mara moja tu, nimeshakaa kitandani. Saa ya meli inasema 0330. Miaka yote hii baharini, kichwani mwangu bado ni saa tisa na nusu.

Saa 10 alfajiri. Napokea zamu: joto la mafuta, kiwango cha vilainishi, pampu zipi ziko kazini. Navaa vizuia kelele, nashuka chumba cha injini. Chini kule hamna mazungumzo, ni ishara za mikono, na nyingi ninazotumia nilifundishwa na oila mmoja, mtia mafuta wa mashine, tuliyemwita Mzee Bisibisi.

Saa 11. Nazunguka mashine. Jina la Mzee lilitokana na bisibisi ndefu aliyotembea nayo. Ncha aliikita juu ya beringi, kile kishikilia mhimili unaozunguka, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Chuma hukuletea mlio ambao kelele za injini zimeumeza. Beringi nzima huvuma mfululizo. Iliyochoka hukwaruza kama ina mchanga. Mimi, wakati ule waipa mgeni wa kufuta mafuta sakafuni, nilidhani mzee anasinzia.

Leo pampu namba 2 ya maji ya kupozea inakwaruza. Kadeti, ofisa mwanafunzi, ameipima joto, liko kawaida. Nasema tuifungue.

Saa 2 asubuhi zamu inaisha. Saa 3 pampu iko wazi. Beringi haina hata alama.

Kadeti ananitazama kwa adabu, na adabu hiyo inauma. Wanaosimulia habari za mabaharia wakongwe huiruka sehemu hii: Mzee naye alikosea, tena si mara moja. Usiku mmoja alitufungulisha pampu ya mafuta, hatukuona kitu. Hakujitetea. "Nimewasumbua, wanangu. Kalaleni." Sheria inataka baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na zetu alizilinda kuliko zake. Alibaki akafunga bolti moja moja hadi ya mwisho. Nilimheshimu zaidi kwa usiku ule kuliko kwa beringi zote alizopatia.

Basi namwambia kadeti akalale. Mimi na fita, fundi wa vyuma, tunarudishia, na hapo ndipo tunapoiona: raba za kapilingi, kiungo cha mota na pampu, zimelika. Mlio ulikuwa wa kweli, mahali ndipo nilipokosea.

Nalala mchana kidogo.

Saa 10 jioni, zamu tena. Pampu inavuma vizuri. Mzee alishuka melini tukiwa nangani, kwa ngazi ya kamba hadi kwenye boti, saa kama hizi. Sisi tuliokuwa zamu chini hatukumpungia mkono. Bisibisi aliiacha imening'inia mahali pake, mpini umefungwa utepe mpya.

Saa 2 usiku. Naandika kwenye logi: pampu namba 2, raba za kapilingi zimebadilishwa. Safu ya kuandika nani alikosea haipo.