Twiga Aliyevuka kwa Pantoni

Keki ya twiga ilianguka usiku wa Alhamisi, saa tano na dakika chache, nikiwa nimekaa mbele yake nikiitazama. Haikuanguka kwa ghafla. Kwanza ulitokea ufa mwembamba kama uzi nyuma ya shingo, pale shingo inapoungana na mgongo, nami nikadhani kwamba fondanti, ule unga wa sukari uliokandwa wa kufunikia keki, imekauka tu, nikaupaka maji kidogo kwa kidole na kuusawazisha. Baada ya dakika chache ufa ulirudi, safari hii ukiwa na upana wa kuingiza ukucha, na nilipoinama kuutazama kwa karibu niliona vijiti vya mishikaki nilivyovipanga ndani ya shingo vimelala mbele vyote kwa pamoja, kama nyasi zilizopigwa na upepo. Nilinyoosha mikono nikakidaka kichwa, lakini uzito ulikuwa umekwisha kuelekea mbele. Miguu ya nyuma ikang'oka kwenye ubao, na keki nzima ya kilo saba ikalala kifudifudi mezani. Nilibaki na kichwa cha twiga mikononi, macho yake meusi ya sukari yakiwa bado mabichi.

Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba 2014. Wakati huo nilikuwa nikioka keki nyumbani kwetu Temeke, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimetengeneza keki za ghorofa, za vitabu, za mpira na za mkoba, yaani keki ambazo hukaa chini kwa uzito wake zenyewe. Kisha dada mmoja wa Kigamboni alinipigia simu akaomba keki ya mwanawe anayetimiza miaka mitatu. Alitaka twiga, na alisisitiza kwamba awe amesimama kwa miguu minne, asiwe amelala, kwa sababu babu wa mtoto alikuwa dereva wa watalii katika Hifadhi ya Mikumi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mtoto alikuwa amezoea kusimuliwa habari za twiga kila jioni. Nilikubali bila kufikiri sana. Alikwishanilipa nusu ya fedha, na shughuli ilikuwa Jumamosi.

Mjomba wangu, ambaye ni mwashi, alifika Ijumaa baada ya swala ya alfajiri, akiwa ameitwa na mama bila mimi kujua. Nilimwamkia nikiwa bado nimeshika kitambaa cha kufutia meza.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Mama yako ameniambia hukulala. Hebu nionyeshe huyo mnyama.”

Hapakuwa na mnyama wa kumwonyesha, ila nilikuwa na mchoro wake. Kabla ya kuanza kazi nilikuwa nimemchora twiga kwa ukubwa wake kamili, sentimita 75 kutoka kwato hadi pembe, kwenye karatasi ya kaki niliyoibandika ukutani. Mjomba aliutazama mchoro kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akafungua mfuko wake wa kazi, akatoa timazi, akashikilia uzi wake kwenye pua ya twiga na kuliacha lile pande dogo la shaba liteleze hadi chini. Liliyumba, likatulia. Uzi ulipita mbele ya kwato za mbele kwa shibiri moja kamili.

“Uzito wa kichwa unaangukia hapa,” alisema, akigusa sakafu kwa kidole, “na miguu iko kule. Katikati yake hakuna kitu. Nani alikuwa anaushika?”

Swali hilo ndilo ambalo sikuwa nimejiuliza hata mara moja. Kiwiliwili cha keki kilikuwa na uzito wa kama kilo tano, nacho kilivuta nyuma, kwa hiyo twiga aliweza kusimama kwa saa kadhaa na kunipa matumaini. Lakini tofauti kati ya uzito uliovuta nyuma na ule uliovuta mbele ilikuwa ndogo mno, na kila shingo ilipoinama kidogo kwa joto, kichwa kilisogea mbele zaidi na tofauti hiyo ikazidi kupungua, mpaka ikaisha. Nilikuwa nimetengeneza kichwa kwa keki yenyewe na fondanti nene, kikafika karibu kilo moja, nikakiweka kwenye ncha ya shingo ndefu iliyoshikwa na vijiti tu. Miguu nayo nilikuwa nimeigandisha kwenye ubao kwa aisingi ya ute wa yai, ambayo hukauka ikawa ngumu kama chokaa lakini haivumilii kuvutwa. Nilikuwa nimedhani kwamba keki hujishikilia yenyewe na kwamba vijiti ni vya kuisaidia, ilhali keki ni mzigo tu, haibebi chochote, na kinachosimama kinapaswa kuwa kimesimama kabla keki haijaletwa.

Mjomba alipendekeza kwanza kwamba tupanue miguu ya mbele. Kwa mwashi jambo hilo lilikuwa sawa kabisa, lakini nilikataa, kwa sababu twiga hupanua miguu ya mbele namna ile anapoinama kunywa maji, na babu wa mtoto angeliona kosa hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Tulikubaliana kubadilisha mambo mengine: shingo isimame zaidi, kichwa kiwe chepesi, na miguu yote minne iwe ya chuma kilichoungwa kwenye kitako kimoja.

Saa tatu asubuhi tulikuwa kwa fundi wa kuchomelea mtaani kwetu. Alikata nondo za milimita 8, akachomelea vipande vinne vya miguu juu ya bati nene la chuma, akaviunganisha kwa juu kwa vyuma viwili vya mgongo, kisha akasimamisha kipande cha shingo ambacho kilipanda wima kwa urefu wa kiwiliwili na baada ya hapo kikapinda mbele kidogo tu. Bati lile alilitoboa matundu manne. Kutoka Keko mjomba alikuja na plaiwudi ya milimita 18, yenye upana wa sentimita 50 kwa 60, tukalifunga bati juu yake kwa bolti, nati zikiwa upande wa chini, na chini kabisa tukapigilia vipande viwili vya mbao ili nati zisiguse meza na vidole vya wabebaji vipate pa kuingia. Kuanzia hapo twiga hakutegemea tena upana wa miguu yake, bali upana wa ubao wote. Mjomba aliusukuma mfupa ule wa chuma kwa kiganja, kisha akausukuma tena kwa nguvu zaidi. Haukutikisika.

Chuma kitupu hakipaswi kugusa chakula. Nilikisugua, nikakiosha, nikakivika vipande vya bomba jipya la plastiki la nusu inchi, na pale penye kona ambapo bomba halikupita nikazungushia foili na karatasi ya nailoni ya kufunikia vyakula. Juu ya vyuma vya mgongo niliweka kibao chembamba kilichofungwa vivyo hivyo, kiwe sakafu ya tumbo. Wengi huisahau sakafu hii, na bila hiyo keki huteremka kidogokidogo kwenye nondo kama kanzu inayomvuka mtu.

Keki yenyewe niliioka upya, na hapa pia nilibadilisha mawazo. Ile ya kwanza ilikuwa sponji laini, tamu kwa chai lakini dhaifu kwa kisu. Ya pili ilikuwa ya siagi, yenye uzito sawa wa unga, sukari, siagi na mayai, ambayo hushikamana na huchongeka bila kumeguka ikiwa imekaa kwenye friji. Kila tabaka nililitoboa tundu nikalipitisha juu ya nondo ya shingo, moja baada ya jingine, kama mtu anavyotunga shanga. Badala ya krimu ya siagi, ambayo kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa Desemba hulainika hata ukiwa kivulini, nilipaka chokoleti nyeusi iliyochanganywa na krimu. Kanuni ya kawaida ni sehemu mbili za chokoleti kwa moja ya krimu. Mimi niliongeza chokoleti hadi mbili na nusu, na ilipoganda niliigonga kwa ukucha ikalia. Shingo na kichwa nilivitengeneza kwa mchele uliopulizwa, ule wa kifungua kinywa, niliouchanganya na mashimelo zilizoyeyushwa na kuukandamiza kwa mikono yenye siagi. Kichwa kipya nilipokipima kilikuwa na gramu 190.

Nilimaliza kubandika mabaka ya mwisho saa nane usiku. Kwa kuwa fondanti iliyotoka kwenye friji hutoka jasho mara tu inapokutana na hewa yenye unyevu, twiga hakurudi tena kwenye ubaridi. Nilimwacha sebuleni, feni ikizunguka taratibu mbali naye, nikamtundikia timazi ya mjomba kutoka puani. Uzi uligusa ubao sentimita chache tu mbele ya kwato.

Ilibaki bahari. Wakati huo daraja la Kigamboni lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo kutoka upande wetu njia fupi ilikuwa ni pantoni pale Magogoni. Mimi nilikuwa nimepanga kuvuka saa nne asubuhi ili keki isikae muda mrefu kwenye shughuli. Mjomba, ambaye amekulia pwani, alinikatalia katakata. Usiku ule ulikuwa wa mwezi mpevu, alisema, na maji yalikuwa ya bamvua, yaani yanayojaa sana na kukupwa sana. Ifikapo saa nne yangekuwa yamekupwa sana, na gari lingeteremka mteremko mrefu na mkali hadi kwenye mlango wa pantoni. Alfajiri maji yangekuwa bado yamejaa, mteremko ungekuwa mfupi, na jua lisingekuwa limechomoza sawasawa. Sikuwahi kufikiri kwamba kupwa na kujaa kwa maji kunaweza kuwa sehemu ya kazi ya mwoka keki, lakini tangu siku hiyo sijawahi kupeleka keki ng'ambo bila kuuliza habari za maji.

Tuliondoka kabla ya saa kumi na mbili kwa Noah ya jirani, viti vya nyuma vikiwa vimetolewa. Dereva alikuwa ametandika godoro la sponji kwa nia njema kabisa, nami nikamwomba aliondoe, kwa maana kitu kirefu kikiwekwa juu ya kitu laini huyumba zaidi badala ya kutulia. Tulitandika kapeti la mpira sakafuni, ubao ukakaa juu yake bila kuteleza, na pembeni ya kwato mjomba akaweka pimamaji yake ndogo. Nilikaa chini kando ya twiga, mkono mmoja kwenye ubao, bila kumgusa yeye mwenyewe, kwa sababu joto la kiganja huacha alama. Kila tuta la Barabara ya Kilwa tulilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Pale Magogoni magari yalikuwa machache. Gari lilipoinamisha pua kuelekea kwenye pantoni, kiputo cha pimamaji kilikimbia kikagota mwisho wa kioo chake na kubaki hapo, na mimi nikaacha kupumua. Magurudumu ya mbele yaligonga mlango wa chuma, kisha ya nyuma. Nilisikia bolti zikilia mara moja chini ya ubao. Kisha gari likanyooka, kiputo kikarudi polepole hadi katikati, na nilipoinua macho nikaona masikio ya twiga yanatetemeka, masikio tu, huku shingo imetulia kabisa. Mjomba alikuwa amegeuka kiti cha mbele akitazama kiputo kile kile.

“Amevuka,” alisema, ingawa pantoni ilikuwa bado haijaondoka.

Babu wa mtoto alitoka chumbani wakati tunaiweka keki mezani. Aliizunguka mara mbili, akiwa ameweka mikono nyuma, akatazama namna mgongo unavyoteremka kutoka mabegani kwenda mkiani, na akauliza ni nani aliyenionyesha hilo. Nilimjibu kwamba nilitazama picha nyingi. Alisema kwamba watu wengi humchora twiga kama ng'ombe mwenye shingo ndefu. Kwa kweli sijapata sifa nyingine iliyonifurahisha kuliko hiyo, kwa sababu wageni wengine waliokuja baadaye walisifu rangi.

Kabla ya kukata, nilimkabidhi mama wa mtoto karatasi niliyoandika vitu vyote visivyoliwa: mfupa wa chuma, mabomba yake, kibao cha tumbo, na vijiti 12 vya kushikia masikio, pembe, mkia na tabaka. Jambo hili silifanyii mzaha, hasa penye watoto. Nilisimama kando ya meza muda wote wa kukata, nikivipokea vijiti kimoja kimoja na kuviweka kwenye sahani, na cha kumi na mbili kilipatikana ndani ya kipande cha mkia ambacho mtoto alikuwa amekwisha kukishika.

Jioni nilirudi kwa miguu, kwani Noah ilikuwa imekwisha kuondoka. Kwenye pantoni nilisimama karibu na ukingo, mfupa wa twiga ukiwa umesimama juu ya ubao wake miguuni pangu, umebaki na chembe za chokoleti kwenye kona za foili. Mzee mmoja aliyebeba kapu la samaki aliuangalia kwa muda, akauliza kama ni kiti cha kushonea.

“Ni twiga, baba,” nilimjibu.

Akainama, akashika nondo ya shingo, akaitikisa kwa nguvu. Haikutikisika.