Kiboko wa Mto Orange

Asubuhi nzima ilipita mitumbwi ikiwa bado juu ya mchanga, nami hasira imenikaa kooni. Tulikuwa tumelipa dola 250 kila mmoja kwa siku nne, na kiongozi wetu, mzee mmoja Mnama, kabila la kusini mwa Namibia, mwenye sauti ya chini, alikuwa bado anatuuliza maswali. Nani hajui kuogelea? Nani anakunywa dawa za presha? Viatu vyako vinafungwa kwa kamba au ni vya kuchopeka tu? Miwani hiyo umeifunga na nini? Jua lilikuwa limeshapanda na mawe ya korongo yalianza kutoa joto kama mbabula iliyokolea makaa.

Kazi yangu ni kufuata magari bandarini Walvis Bay na kuyaendesha hadi Lubumbashi. Safari hii makaratasi yalikwama wiki ya Pasaka, na shemeji yangu anayefanya kazi Windhoek akaniambia, "Shemeji, wewe unaijua Namibia ya barabara tu. Twende ukaone mto unaopita jangwani." Kutoka Windhoek hadi Noordoewer ni kilomita karibu 800. Juu ya barabara hiyo sina la kusimulia, ila kwamba kwenye vituo vya mafuta chupa ya maji inauzwa kwa bei ambayo kwetu unanunua unga wa kulisha watoto siku nzima.

Mto wenyewe ni Orange. Unazaliwa milimani Lesotho, unatembea zaidi ya kilomita 2,000 hadi bahari ya Atlantiki, na pale Noordoewer ndio mpaka: ukisimama Namibia unaitazama Afrika Kusini ng'ambo. Mtu wa Katanga amezoea kwamba penye mto pana miti. Pale macho yangu yalikataa. Huku mawe matupu, kule mawe matupu, meusi na mekundu, na katikati maji ya rangi ya chai ya maziwa yenye ukanda mwembamba wa matete. Hatua hamsini kutoka majini unaweza kufa kwa kiu.

Swali langu la kwanza lilikuwa la mtu wa kwetu: mamba je? Na viboko? Mzee akasema upande ule hakuna mamba, na viboko waliwindwa zamani wakaisha. "Amebaki mmoja," akasema. "Kesho utamwona. Anaitwa Sjambok."

Shemeji akanieleza. Sjambok ni mjeledi wa ngozi ya kiboko, na ndilo jina la mkondo mkali kuliko yote katika kipande kile cha mto. Nilinyamaza. Kwa Kiswahili mnyama na mjeledi vina jina moja, kiboko, na babu zetu waliokusanya utomvu wa mpira enzi za Leopold, mfalme wa Ubelgiji, waliujua mjeledi huo migongoni mwao.

Aliposikia tunatoka Kongo, mzee alivua kofia. Akamtaja Hendri Coetzee, mpiga kasia wa Afrika Kusini ambaye mwaka 2004 aliongoza safari ya Naili kutoka chanzo hadi baharini, na ambaye Desemba 2010 alichukuliwa na mamba kwenye mto Lukuga, mbele ya wenzake wawili Wamarekani. Lukuga naijua. Mama yangu ni wa Kalemie, pale mto huo unapotoka ziwa Tanganyika kuelekea Lualaba. Mzee akasema, "Yule alikuwa bingwa kuliko sisi sote hapa. Kwa hiyo nawauliza maswali." Tangu hapo hasira ilianza kunitoka.

Nikaanza kuangalia alichokuwa akifanya. Jioni iliyotangulia alikuwa amechomeka kijiti ukingoni, maji yalipokomea. Asubuhi alikwenda kukitazama kabla ya kunywa chai. Mvua haikuwepo, mawingu hayakuwepo, lakini mto huo haufuati mawingu ya pale. Unafuata mvua ya Lesotho na milango ya bwawa la Vanderkloof huko Afrika Kusini, na maji yanayofunguliwa kule huchukua wiki kadhaa kufika jangwani. Alikuwa akizifuata habari za bwawa tangu kabla hatujalipa. Kisha akatandaza ramani na kutuonyesha sehemu chache ambako gari linaweza kushuka hadi majini. Kati ya sehemu hizo, mtu akivunjika mguu atabebwa kwa mtumbwi, kwa sababu simu za kawaida hazishiki korongoni. Yeye alibeba simu ya setilaiti. Maji ya kunywa yalihesabiwa lita nne kwa kichwa kwa siku, yakafungwa kwa kamba ndani ya mitumbwi pamoja na mapipa ya chakula.

Mwisho ikaja jaketi la kuokolea. Yangu niliivaa vizuri, nilidhani. Mzee akaishika mabegani akaivuta juu, ikapanda hadi masikioni. "Majini itakuacha," akasema, akakaza mikanda mpaka nikapumua kwa shida kidogo.

Siku ya kwanza maji yalikuwa tulivu, nikajifunza kusoma uso wa mto. Maji yakichora ncha inayoelekea kule mto unakokwenda, hapo ni njia. Ncha ikielekea kwako, kuna jiwe limejificha. Usiku tulisonga bukari kwa unga niliotoka nao nyumbani. Mzee alikula mara mbili.

Siku ya pili tukausikia Sjambok kabla ya kuuona. Mzee alitutoa wote majini tukatembea ukingoni kuukagua kwa miguu. Akarudia mara tatu. Mtumbwi ukigonga jiwe, inamieni upande wa jiwe. Mkianguka, laleni chali, miguu mbele, vidole juu. Msisimame kamwe kwenye maji yanayokimbia. Akashuka yeye kwanza, akapanda mwamba akiwa na mfuko wa kamba mkononi, akainua kafi wima: njooni.

Shemeji alikaa nyuma kuongoza, mimi mbele. Tuliingia vizuri. Kisha maji yakatubeba kushoto na jiwe likaja, kubwa, jeusi, na mwili wangu ukafanya kinyume cha yote tuliyoambiwa: nililikimbia. Niliinama upande mwingine. Mto uliingia mtumbwini kwa pigo moja, na nilichokumbuka baadaye ni baridi yake, katika nchi yenye jua lile.

Kosa la pili ndilo ninalolifikiria hadi leo. Nilihisi chini kwa mguu, maji hayakufika kifuani, nikasimama. Kiatu kikaingia kati ya mawe mawili. Mto ukanisukuma mgongoni, nikaanza kulala kifudifudi huku mguu umebaki nyuma. Sikumeza maji mengi. Lakini nilielewa, kwa utulivu wa ajabu, jinsi mtu mzima anavyokufa kwenye maji ya kiuno.

Kiatu kilichomoka, sijui vipi. Nikageuka chali, nikasikia jina langu, na kamba ikaanguka begani kwangu kama mtu aliyeniwekea mkono. Niliikumbatia kifuani bila kuizungusha mkononi, hilo angalau nilikuwa nimelishika, na mzee akaniacha nielee kwa mkunjo hadi maji ya kando. Shemeji alikuwa ameshika mtumbwi kwa upande wa juu wa mto, kama tulivyofundishwa, ili usije ukambana kwenye mwamba. Mzee hakunigombeza. Alinivua kiatu kilichobaki, akabonyeza vidole vya miguu yote miwili kimoja kimoja akiuliza, "Hapa? Na hapa?"

Siku mbili zilizobaki zilipita. Nakumbuka mashamba ya mizabibu ya Aussenkehr, kijani kibichi katikati ya mawe, na vibanda vya matete vya wafanyakazi.

Windhoek nilinunua jaketi moja. Bei yake iliniuma, na ushuru wa mpakani uliniuma zaidi, maana waliihesabu kama bidhaa ya biashara. Nilimpelekea mjomba wangu anayevua ziwa Tshangalele, lile la bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Tangu utoto wangu sijawahi kumwona mvuvi wa huko amevaa kitu kama hicho. Wanajua upepo, wanajua nyasi, wanajua samaki wanalala wapi, na wakipinduka usiku tunawatafuta asubuhi.

Mjomba aliivaa juu ya koti lake. Nilimkazia mikanda, nikaivuta mabegani, haikupanda. Akatembea nayo hadi kwenye mtumbwi, ambako mwanawe wa miaka kumi na miwili alikuwa akichota maji kwa kopo, na akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Hii ni moja tu?" akaniuliza.