Ganzi au nusu kaputi?

Jumanne nilivuka feri ya Likoni alfajiri, tumbo tupu, kwenda kutolewa uvimbe wa mafuta begani. Ukubwa wa ndimu, si zaidi. Kufika hospitali (siitaji), nikapewa fomu na kalamu. "Tia sahihi hapa, mzee." Nikavaa miwani, nikasoma. Imeandikwa nusu kaputi.

Nani aliyeniuliza?

Muuguzi akasema ndivyo wafanyavyo. Nikamwambia, mwanangu, sahihi yangu ingoje kidogo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake. Aliniangalia kama niliyeomba ufunguo wa duka la dawa.

Daktari wa usingizi akaja. Muungwana, wallahi. Akavuta kiti. Ganzi ya lidokaini, akasema, huchomwa pale pale: yauma kama siafu kwa muda mfupi, kisha utahisi kuvutwavutwa tu, maumivu hapana. Nusu kaputi unalala kabisa, na ukitoka usirudi nyumbani peke yako. Akaniuliza kama nina presha, kama kuna dawa iliyowahi kunidhuru. Maswali hayo yangetangulia kalamu!

Nikachagua ganzi. Fomu ikaandikwa upya, nikatia sahihi. Walipokuwa wakikata, mimi na daktari tulikuwa tukibishana bei ya viazi Kongowea.

Adhuhuri nilikuwa nimesharudi Likoni, bega lina plasta, mkononi mahamri mawili ya moto.