Hesabu za punda wa ami

Form one ile ya kusolvu ikwesheni mbili kwa pamoja nilikuwa naiona kama uchawi vile, ticha anaandika ubaoni sisi twakopi tu basi. Iliniingia likizo ya Agosti, kwa ami Langoni, na sababu ni punda.

Ami alikuwa na punda wa kubeba mchanga na mawe, si mwajua Lamu vichochoro vyetu gari halipiti, ukijenga ni punda tu. Sasa wakala wake alikuwa anamlipa jumla, hamwambii tripu ya mchanga ngapi wala ya mawe ngapi, na siku hiyo kuna mtu wa Shela kamuuliza bei ya mawe, ami hana la kujibu. Kaja barazani kakunja uso. Anachokumbuka ni juzi mchanga tripu 3 na mawe 1 akapewa 450, jana mchanga 2 na mawe 4 akapewa 800.

Binti yake yuko form three, akaniambia lete daftari. Bei ya tripu moja ya mchanga tukaiita s, ya mawe m. Anza na ya juzi, akasema, maana pale m iko moja tu, itoe ikae peke yake: m = 450 - 3s. Haya, kwenye ya jana pale penye m weka hiyo yote, na uifunge mabano, ile 4 inazidisha kila kilichomo ndani si 450 tu.

2s + 4(450 - 3s) = 800

Ikawa 2s + 1800 - 12s = 800, yaani -10s = -1000, s ni 100. Rudi kwa m, 450 toa 300, mawe 150.

Nikamuuliza kwani huwezi kuirudisha kwenye ileile ya juzi? Akaifanya makusudi nione, s zikafutana zote ikabaki 450 = 450. Ami akacheka, "Hiyo hata punda anaijua!"

Akataka kujua nani kaleta mambo haya. Binti akamwambia al-Khwarizmi, mtu wa Baghdad karne ya 9, kitabu chake cha aljebra kina mlango mzima wa mirathi. Hapo ndo ami akalivuta daftari akaliangalia vizuri, japo kusoma hajui.

Kesho yake namsikia kwa simu na yule wa Shela: "Mawe? Mia na themanini bwana, na hapo nimekufanyia."